Kariakoo inayofanana na bango la dalali

Swali lililonifikia, kwa kifupi: "Shikamoo mwalimu. Nasoma usanifu majengo, mwaka wa tatu, na pembeni nachora hadithi ya katuni inayotokea Kariakoo. Majengo nimeyachora sawasawa, mengine nimeyapima kwa futi, lakini kila anayeona anasema mtaa wangu unafanana na bango la dalali wa viwanja. Wachoraji wakubwa wa katuni wanafanyaje hadi jiji linapumua? Ni kipaji, au kuna jambo wanalijua ambalo sisi darasani hatufundishwi?"

Marahaba, mdogo wangu. Kurasa tatu ulizoambatanisha nimezitazama kwa utulivu, na nianze na ile ya pili maana ndiyo iliyonipa jibu. Umechora Mtaa wa Kongo kutoka juu, kama mtu aliyesimama ghorofa ya saba. Mistari yote inakutana pale inapotakiwa kukutana. Madirisha yamepangana vizuri. Halafu huko chini kabisa kuna watu, wamenyunyizwa kama chumvi mwisho wa mapishi, na hakuna hata mmoja aliyezuiwa na kitu. Mtaa wa Kongo huo! Mahali ambapo kuvuka tu lazima uombe njia mara nne, uruke nguo zilizotandazwa chini, na upishane na mkokoteni wenye marobota mapana kuliko nafasi iliyobaki.

Kwa hiyo sidhani kama ni suala la kipaji. Umechora majengo yalivyosimama. Mchoraji wa katuni huchora jengo linavyomfanya mtu: linamzuia, linamficha, linamkatisha pumzi kwenye ngazi, linamlazimisha asikie ugomvi wa jirani. Na hulichora likiwa ndani ya muda. Darasani mmefundishwa kuchora jengo la siku ya kukabidhi funguo, rangi haijachubuka na hakuna aliyeanika kitu. Hadithi ya katuni huanza kesho yake.

Lugha yetu hapa imekurahisishia kazi. Dar es Salaam fremu ni chumba cha duka cha kupangisha; wachoraji nasi kile kisanduku cha picha tunakiita fremu. Basi uchukulie ukurasa wako kama jengo lenye fremu, na kila tukio ni mpangaji. Kuna mpangaji anayetosha kwenye kachumba ka futi sita, na kuna anayehitaji ghorofa nzima. Wewe umewapa wote vyumba sawa, sita kwa ukurasa, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1908 Winsor McCay, aliyekuwa akichora ukurasa wa Jumapili kwenye gazeti la New York Herald, alimchora mtoto Nemo akiwa kitandani usiku, kitanda kikaanza kurefuka miguu. Kadiri miguu inavyorefuka ndivyo fremu nazo zinavyorefuka, mpaka kitanda kinatembea juu ya mapaa ya jiji na kujikwaa kwenye mnara wa kanisa. Kumbuka mwaka wenyewe. Ndio mwaka ambao jengo la Singer lilikamilika New York, mita 187, refu kuliko jengo lolote duniani wakati huo. Watu walikuwa wanajifunza kuinua shingo, na McCay akawafanyia zoezi hilo kwenye karatasi. Hakuhitaji kuandika kwamba jiji limekuwa refu. Macho ya msomaji yalisafiri.

Sasa shuka chini, hadi mlangoni. Mtu wa kumsoma kwa hili ni Will Eisner, mtoto wa wahamiaji Wayahudi, aliyezaliwa New York mwaka 1917. Mwaka 1978 alichapisha hadithi za wapangaji wa jengo moja la kufikirika, namba 55 Dropsie Avenue, huko Bronx. Ni nyumba ya kupanga ya kawaida: ghorofa kadhaa, ngazi za chuma za kutorokea moto, na mbele ngazi za mawe zinazoshuka barabarani. Zitazame ngazi hizo za mbele. Wanawake wamekaa wanamenya habari za watu. Watoto wamejipanga chini yao. Mwanamume anayerudi usiku na aibu yake lazima apite katikati ya macho hayo yote. Ukiwa umelelewa Tanga, Unguja au Mombasa hutahitaji kuelezwa: hiyo ni baraza. Vipimo tofauti, vifaa tofauti, lakini kazi ni ileile, ya kuwa mahali ambapo nyumba na njia zinasalimiana. Eisner hapimi ngazi. Anajua idadi ya watu wanaotosha kukaa pale, na nani ana haki ya kukaa ngazi ya juu. Kipimo hicho hakimo kwenye ramani yoyote uliyowahi kuchora, na bila hicho mlango wako unabaki kuwa tundu kwenye ukuta.

Kuna jambo moja ambalo sisi wa usanifu tumewatangulia wachoraji, ila tunalitumia vibaya. Ni mchoro wa mkato, ule wa kulikata jengo kama mkate ili ndani kuonekane. Darasani mkato unaonyesha unene wa zege na kimo cha dari, na mtu mmoja mweusi asiye na uso amesimama kuonyesha kipimo. Katuni ikichukua mkato huohuo, kila chumba kinageuka fremu, na ghafla unaona mambo mawili yanayotokea kwa wakati mmoja huku wahusika wenyewe hawajui. Chris Ware, wa Chicago, mwaka 2012 alitoa kazi iliyokuja ndani ya boksi, machapisho 14 ya maumbo mbalimbali, juu ya wapangaji wa nyumba moja ya ghorofa tatu. Nyumba yenyewe ina mawazo yake. Inawahesabu wapangaji waliopita kama bibi anavyohesabu wajukuu. Hakuna mpangilio uliowekwa wa kusoma. Unaanza na karatasi iliyokuangukia mkononi, kama vile mtu anavyoijua nyumba ya kupanga: leo umesikia hili ngazini, mwezi ujao unasikia lile.

Lakini ulisema unataka kujua kuhusu jiji, na jiji si jumla ya nyumba tu. Lina waliolipanga. Hapa ndipo ninapomwomba kila mwanafunzi akae na Wabelgiji wawili, François Schuiten mchoraji na Benoît Peeters mwandishi, ambao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 wamekuwa wakitunga mfululizo wa miji isiyokuwepo. (Peeters alizaliwa Paris, lakini Brussels imemchukua.) Baba yake Schuiten alikuwa msanifu majengo, kaka yake Luc naye vilevile. Kwa hiyo anapomcheka msanifu, anacheka nyumbani kwao.

Hadithi ninayoipenda ni ya mji wa Urbicande, ya mwaka 1985. Mto umeugawa mji. Upande wa kusini umepangwa na bwana mmoja aitwaye Eugen Robick: barabara pana, majengo mazito, kulia na kushoto vinafanana kama mabawa ya ndege. Upande wa kaskazini umeachwa ulivyo, giza na vichochoro, na kuvuka daraja kunahitaji kibali. Siku moja mafundi wanamletea Robick kitu walichokiokota kazini, mche mdogo wa mraba, ni kingo tupu, ndani wazi. Anauweka mezani juu ya vitabu, umeinama kidogo. Unaanza kukua. Kila pembe inachipua kingo nyingine, zinapenya meza, zinapenya kuta, bila kuvunja kitu. Wiki zinapita, mtandao umefunika mji mzima, umevuka mto, na ulipotulia watu wanaanza kuupanda. Wanapitia humo kwenda ng'ambo. Wanaweka vidaraja na ngazi, wanafanya biashara, wanapendana. Mpango uliokuwa umewatenga hauna tena kazi. Na kinachomuuma Robick ni kwamba mtandao umekaa mshazari! Laiti angeuweka ule mche mezani umenyooka, ungelingana na mji wake.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka, kisha nikanyamaza, maana namfahamu mtu huyo. Ndiye mimi wa mwaka wa tatu. Ndiye wewe unayenieleza kwa fahari kwamba madirisha umeyapima.

Hadithi hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Brussels ni mji uliobomolewa na wapangaji wake wenyewe mara nyingi kiasi kwamba Wafaransa na Waingereza wametunga neno la kubomoa mji kiholela kutokana na jina lake. Mto Senne ulifunikwa kuanzia 1867 hadi 1871, ukawa barabara. Jumba la Mahakama la Joseph Poelaert, lililojengwa kati ya 1866 na 1883, lilikula sehemu ya mtaa wa Marolles, mtaa wa watu wa hali ya chini, hadi neno "msanifu majengo" likawa tusi vinywani mwa wenyeji. Tusi kabisa, la kurushiana sokoni. Mwaka 1965 wakabomoa Nyumba ya Wananchi ya msanifu Victor Horta, na muda mfupi baadaye wakahamisha maelfu ya wakazi wa mtaa wa kaskazini kupisha minara ya ofisi. Na kwa wasomaji wetu wa nchi ya Kongo niongeze: tao kubwa la Cinquantenaire, lililokamilika 1905, Mfalme Leopold wa Pili alilijenga kwa fedha alizochuma kwenu. Mwaka 1992 Schuiten na Peeters waliandika hadithi ya mji uitwao Brüsel, ambamo mwenye duka la maua ameamua kuuza maua ya plastiki, kwa kuwa ndiyo maendeleo, huku mji unabomolewa pembeni yake na bomba lake la maji halitoi maji. Fikiria hilo bomba. Kurasa nzimanzima za minara ya kuvutia, na katikati yake mtu anafungua bomba, kimya.

Na hao si watu wa karatasi tu. Schuiten ndiye aliyebuni mwonekano wa kituo cha treni za chini ya ardhi cha Arts et Métiers, Paris, mwaka 1994, kuta zote za shaba kama tumbo la nyambizi. Yeye na Peeters pia walishiriki kuiokoa nyumba ya Autrique, kazi ya ujanani ya Horta ya mwaka 1893, leo iko wazi kwa wageni.

Kuhusu Gotham, jiji la Batman, najua ungeniuliza. Watu hudhani giza lile ni la kutisha watoto. Asili yake ni sheria ya mipango miji. Mwaka 1916 New York ilipitisha kanuni kwamba jengo likizidi kimo fulani lazima lirudi nyuma hatua kwa hatua, ili jua na hewa vifike barabarani. Msanifu Hugh Ferriss mwaka 1922 akachora kwa mkaa jengo kubwa kabisa ambalo kanuni ingeruhusu: kwanza mlima wa zege, kisha likichongwa hatua kwa hatua. Michoro yake ya usiku, mianga ikipanda kutoka chini, ndiyo iliyowafundisha wachoraji wa baadaye jinsi jiji la majengo marefu linavyopaswa kuogopesha. Jambo la kuchekesha zaidi ni la 1992. Filamu ya Batman ya 1989 ilikuwa imebuniwa sura mpya ya Gotham na Anton Furst, na wachapishaji wakataka jiji la kwenye katuni lifanane nayo. Wangeweza kubadilisha kimyakimya. Badala yake wakatunga mhalifu anayelipua majengo ya kisasa, kwa sababu yameyaziba majengo ya kale anayoyapenda. Mlipuaji mwenye maoni ya usanifu! Nimekaa kwenye vikao vya kukosoa kazi za wanafunzi ambako watu wa namna hiyo walikuwepo, ila hawakuwa na baruti.

Akira, katuni ya Katsuhiro Otomo, nitaipitia haraka kwa sababu ukurasa mmoja hautoshi. Ilitoka Japani kati ya 1982 na 1990, kurasa zaidi ya 2,000, na Tokyo yake mpya imejengwa juu ya ghuba, jambo ambalo msanifu Kenzo Tange alikuwa amelipendekeza kwa dhati mwaka 1960. Otomo anasifiwa kwa majengo yanayoporomoka, na ni kweli, kila sakafu inaanguka na nondo zake. Lakini wewe unachora Kariakoo, ambako Novemba 2024 ghorofa liliporomoka watu wakiwa ndani. Ukitaka kuchora jengo linaanguka pale, usilichore kwa sababu vumbi linapendeza.

Walimu wako wakikuambia katuni ni mchezo, wakumbushe kwamba vijana wasanifu wa kundi la Archigram, London, mwaka 1964 walitoa toleo zima la jarida lao kwa mtindo wa katuni za anga za juu, na leo linafundishwa kama historia. Msanifu Bjarke Ingels naye alijieleza kwa kitabu cha katuni mwaka 2009. Hicho binafsi kinanichosha kidogo. Msimulizi ni muuzaji, na katuni inayouza haiwezi kuonyesha bomba lisilotoa maji.

Nimeacha kwa makusudi kazi ndogo kuliko zote. Mwaka 1989 Richard McGuire alichapisha kurasa sita, fremu 36. Zote zinaonyesha kona moja ya chumba kimoja, mtazamaji hasogei hata hatua. Kinachosogea ni mwaka. Ndani ya fremu kubwa anachomeka fremu ndogo yenye mwaka mwingine: hapa mtoto anazaliwa, pale mahali pangali pori, kando yake nyumba inaungua, na katikati ya vyote paka anakatiza. Mwaka 2014 aliikuza ikawa kitabu cha kurasa karibu 300, na bado kona ni ileile. Ukitaka kujifunza kuchora mji, anza na hii kabla ya Gotham na mingine yote. Msanifu huuliza nini kitajengwa hapa. McGuire anauliza nini kimewahi kuwa hapa, na anakujibu bila kukutoa kwenye kiti.

Nikuibie siri moja ya aibu kabla hatujarudi kwenye kurasa zako. Miaka mingi iliyopita nilichora kijitabu cha kuelimisha watu kuhusu kipindupindu. Nilichora nyumba ya Kiswahili kwa ustadi wote: baraza, korido katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na choo. Tulipokipeleka mtaani kukijaribu, bibi mmoja alikishika kijitabu mbali kidogo na macho, akatazama sana ule ukurasa wa uani, akasema, "Hawa watakufa wote." Nilikuwa nimechora kisima hatua nne kutoka chooni. Nilikipanga pale kwa sababu kilijaza nafasi vizuri. Bibi hakuona nafasi. Aliona mahali pa kuchota maji.

Basi Kariakoo. Jina lenyewe limebaki kutoka kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wa vita vya kwanza, Carrier Corps, watu waliobebeshwa mizigo hadi wakafa kwa maelfu. Na leo mtaa huo bado unaishi kwa kubeba. Chora mzigo kabla hujachora ukuta. Upana wa njia zako uamuliwe na robota lililo kichwani mwa kijana yule wa ukurasa wa kwanza, na umchore kwa nyuma, jicho letu likiwa kimo cha mabega yake, tusione ghorofa hata moja isipokuwa kipande cha juu kati ya mwavuli na turubai. Msomaji atajua majengo ni marefu kwa sababu hayaoni.

Ukurasa wa tatu una yule mama anayepanda stoo yake ghorofa ya nne. Umeichora ngazi kutoka nje, nzuri, na ikawa mapambo. Ikate. Fremu nne zilizopandana, nyembamba, dari ya moja ndiyo sakafu ya inayofuata, na mama yumo katika zote nne. Fremu ya chini anaongea na simu, ya pili bado anaongea, ya tatu hasemi kitu, ya nne ameshika ukuta. Kiputo cha maneno kipungue jinsi anavyopanda. Na kwenye mojawapo, yule mpangaji wa chumba cha kando anafanya jambo ambalo mama halioni, ila sisi tunaliona.

Soko lenyewe, la msanifu Beda Amuli, la miaka ya 1970, umelichora jua likiwaka. Paa lile ni miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini, imebuniwa kukusanya maji ya mvua. Ukilichora jua kali, ni umbo la ajabu tu. Lichore masika, watu wamejibanza chini yake, na maji yanaonekana yanakoelekea. Kisha jaribu kona moja ya McGuire: kiwanja kilekile, fremu ndogo ndani ya kubwa. Bango la dalali. Nyumba ya Kiswahili, mtu amekaa barazani anacheza bao. Moshi wa Julai 2021, soko lilipoungua. Simama mahali pamoja tu, na utunze pembe ya jicho isibadilike hata kidogo, maana ikiyumba mchezo wote umeharibika.

Na ile picha ya kutoka ghorofa ya saba usiitupe. Isogeze hadi mwisho, kama mmoja wa wahusika wako atakuwa kweli amefika huko juu, na tuwe tumeona amefikaje: kwa lifti, au kwa miguu na robota kichwani.